Albamu za familia: uziache zilivyo, uzihamishe, uziskani au uchapishe kitabu?

Swali hili mara nyingi huja baada ya arobaini. Wageni wameondoka, kabati la marehemu limefunguliwa, na juu ya kitanda kuna albamu nne au tano, bahasha ya studio yenye negativu (filamu ambazo picha zilitolewa), na mfuko wa nailoni uliojaa picha ambazo hazikuwahi kupata ukurasa. Kaka anasema zipigwe kwa simu zirushwe kwenye grupu. Dada mkubwa anasema zisiguswe. Shangazi anataka ile moja tu aliyopiga na marehemu kabla hawajaolewa. Kila mmoja ana hoja yake, na hakuna aliyekosea.

Njia ziko nne: kuziacha picha katika albamu zake, kuzihamishia kwenye albamu au sanduku salama zaidi, kuziskani, au kuchapisha kitabu na nakala mpya za kugawana. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile. Mwishoni utaona ipi inaendana na hali yako, maana familia mbili zenye albamu zinazofanana zinaweza kuhitaji majibu tofauti kabisa.

Kinachotuvuta kwenye picha hizi

Picha ya familia mara nyingi si picha nzuri. Kichwa cha mmoja kimekatwa, jua liko nyuma ya watu, mtoto amegeuka. Lakini ina kitu ambacho makusanyo makubwa ya makumbusho huwa hayana, nacho ni majina. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinahifadhi mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, nyingi zikiwa zimepigwa na Wazungu. Ni hazina kubwa ya historia, ila unaweza kupitia nyuso nyingi humo bila kujua ni za nani. Fungua ukurasa wowote wa albamu ya nyumbani, na mtu wa rika la mama yako atakwambia huyu ni nani, mtoto wa nani, na shati lile aliliazima kwa nani. Tena aliyesimama mbele ya kamera alichagua mwenyewe aonekane vipi: mkono begani mwa rafiki, redio mapajani, mkono wa shati umevutwa juu kidogo ili saa ionekane.

Halafu kuna upande wa nyuma. Nina picha ya mama yangu mdogo iliyopigwa studio mjini Tanga. Mbele ameketi kwenye kiti cha kuegemea, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na nguzo. Ukiigeuza, kwa wino wa buluu uliofifia ameandika: "Kwa ukumbusho. Usiitupe hata tukigombana." Chini yake tarehe 7/7/1971, siku ya Sabasaba, watu wamevaa vizuri na studio zimejaa. Ndugu zangu walioletewa picha hiyo kwenye simu hawajui kuhusu maneno hayo, kwa sababu aliyeiskani aliskani upande mmoja.

Kwa hiyo tunapozungumzia kuhifadhi picha, tunahifadhi vitu vitatu kwa pamoja: karatasi yenyewe, habari zinazoandamana nayo, na kile kikao cha watu wanaoitazama. Hakuna njia kati ya hizi nne inayolinda vyote vitatu kwa nguvu sawa. Jiulize kwanza ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kupotea kwenu mapema zaidi.

Vigezo

*Kudumu.* Je, picha itakaa? Hapa ni lazima kujua aina ya picha uliyonayo. Picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa madini ya fedha, na kama studio iliisafisha vizuri inaweza kupita miaka 100. Picha ya rangi ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 imejengwa kwa rangi zinazojifia zenyewe, hata gizani ndani ya albamu iliyofungwa, na joto huharakisha. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu au rangi ya chungwa: rangi ya samawati imeondoka kabla ya nyingine. Picha ya harusi ya babu ya mwaka 1958 inaweza kuishi kuliko picha ya rangi ya mwaka 1979, na wengi hudhani ni kinyume chake.

Jambo la pili ni unyevu. Wataalamu wa uhifadhi hupendekeza hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 30 na 50. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar mara nyingi hupita 70, na kuvu huanza kustawi kuanzia kama 65. Nairobi, Arusha, Kigali na Bukavu zina nafuu ya joto, lakini masika ni masika kila mahali.

*Habari.* Majina, tarehe, maandishi ya nyuma, muhuri wa studio, mpangilio wa kurasa.

*Kutazama.* Nani atakaa na nani kuzitazama, na itakuwaje.

*Siri.* Picha hizi zilipigwa kwa macho ya watu wachache. Nani ataziona sasa?

*Kazi na gharama.* Muda, fedha na ujuzi.

Njia ya kwanza: kuziacha katika albamu zake

*Kudumu.* Inategemea albamu. Zile za kurasa nyeusi za karatasi, zenye picha zilizoshikwa kwa vipembe, yaani vikona vidogo vya kushika ncha za picha, huwa na huruma kwa picha, ingawa kurasa zenyewe hukauka na kuvunjika. Za gundi, zenye mistari ya kunata na plastiki ya kufunika, zilizovuma tangu miaka ya 1960 na kuuzwa kwa miongo kadhaa, ndizo hatari. Gundi hugeuka njano na kupenya picha kutoka nyuma, na plastiki nyingine ni za PVC ambayo huoza polepole na kutoa asidi. Jaribu kona ya picha moja isiyo muhimu: kama bado inanyanyuka, una muda wa kufikiri, ila si mwingi.

Mahali pa kuweka albamu pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Juu ya kabati chini ya bati ni tanuri. Sakafuni kuna mchwa na maji ya kudeki. Ukuta wa nje hunyonya mvua. Rafu ya katikati ya kabati, chumba cha ndani, albamu zikiwa zimelazwa, ndipo mahali pake. Vidonge vya naftalini visiwekwe humo.

*Habari.* Hapa njia hii inazipita zote. Mpangilio wa albamu ni maneno ya aliyeipanga: nani aliwekwa ukurasa wa kwanza, nani aliwekwa mbali na nani, nafasi iliyobaki tupu kwa sababu picha iliazimwa haikurudi. Hata picha iliyokatwa kwa mkasi, bega moja likabaki bila mwenyewe, inasimulia ndoa iliyokwisha. Ukiihamisha, usimulizi huo unavunjika.

*Kutazama.* Hakuna kilichobuniwa kinachofikia albamu nzito mapajani mwa bibi na wajukuu wawili kulia na kushoto. Yeye ndiye anayegeuza ukurasa, na anapotua, wote wanatua.

*Siri.* Imara kabisa. Nyumba nyingi za pwani zina albamu ya sebuleni na albamu ya ndani, yenye picha za ukumbi wa kike, vichwa wazi, nywele zimetengenezwa. Ya pili huonyeshwa kwa anayestahili tu. Karatasi inatii utaratibu huo bila kuhitaji nywila.

*Kazi na gharama.* Karibu hakuna. Gharama yake halisi ni kwamba nakala iko moja. Moto mmoja, mafuriko mamoja au ugomvi mmoja wa mirathi, na imekwisha.

Inafaa kwa familia yenye albamu za vipembe, nyumba kavu, na mtu mmoja anayekubalika na wote kuwa mlinzi.

Njia ya pili: kuzihamishia kwenye albamu au sanduku salama

*Kudumu.* Kwa picha zilizo kwenye gundi, njia hii ndiyo inayoziokoa. Tafuta albamu ya mifuko ya polipropilini au poliesta. Mara nyingi plastiki ya polipropilini huwa na alama ya PP au namba 5. PVC huwa na namba 3, na ikiwa mpya hutoa ile harufu kali ya pazia la bafuni. Usipopata albamu ya namna hiyo, bahasha nyeupe za karatasi safi ndani ya sanduku la bati lililopakwa rangi zinatosha sana, likiinuliwa kutoka sakafuni. Vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, husaidia ndani ya chombo kinachofunga vizuri, mradi uvikaushe mara kwa mara. Masanduku ya mbao, hata yale mazuri ya urithi yenye misumari ya shaba, hutoa mvuke wa asidi, yaweke nguo.

Kubandua kwenye gundi kunataka subira. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, ukiuvuta taratibu kama unayekata kipande cha sabuni. Usikunje picha kuelekea kwako. Ikigoma, iache na ukurasa wake, kata ukurasa kuizunguka. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa; ipige picha ikiwa humo humo, kioo kikiwa kimefutwa, kisha uirudishe ukutani.

Na tafadhali, usiipige laminesheni picha ya zamani. Najua kila mji una kibanda cha kufanya hivyo kwa dakika mbili, na inatoka inang'aa. Joto na gundi vinaingia kwenye picha na haviwezi kutolewa tena. Nimeona picha za wazee, za pekee, zimeungua hivyo, na hakuna wa kuzirekebisha. Kama mtu anataka ya kubeba kwenye pochi, ipigwe nakala, nakala ndiyo ilaminishwe.

*Habari.* Hapa ndipo hasara. Ukizitoa bila utaratibu, mpangilio unakufa siku hiyohiyo. Kabla ya kubandua ya kwanza, piga picha kila ukurasa mzima kwa simu, halafu zipe picha namba kulingana na kurasa. Upande wa faida, utaona migongo ambayo haijaonwa tangu zilipobandikwa. Muhuri wa studio ni ushahidi mzuri. Ukikuta jina la Capital Art Studio, unajua uanzie Zanzibar, na kwamba picha si ya kabla ya 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza aliifungua. Muhuri wenye "Elisabethville" badala ya Lubumbashi, au "Stanleyville" badala ya Kisangani, kwa kawaida ni wa kabla ya 1966. "Tanganyika" inakupeleka kabla ya Aprili 1964, ingawa mwenye studio angeweza kuendelea na muhuri wake wa zamani mwaka mmoja au miwili.

Andika kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa juu ya meza ngumu. Karatasi za picha za kuanzia miaka ya 1970 zenye mgongo laini wa plastiki hazishiki penseli. Andika kwenye kijikaratasi ukiweke nacho mfukoni. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha iliyo juu yake.

*Kutazama.* Albamu mpya ya mifuko inatazamika vizuri. Sanduku la bahasha haliiti mtu. Litalinda picha, lakini wajukuu hawatalifungua.

*Siri.* Sawa na njia ya kwanza. Unaweza hata kutenga za ndani kwenye chombo chake.

*Kazi na gharama.* Kazi ni nyingi na ni ya mikono. Vifaa bora havipatikani kila duka, na nauli ya kuvitafuta ni sehemu ya bei.

Inafaa pale picha zinapoharibiwa na albamu yenyewe, na pana mtu mmoja mtulivu wa kuifanya kazi hiyo bila haraka.

Njia ya tatu: kuziskani

*Kudumu.* Skani haizuii karatasi kufa. Inapata sura yake kabla haijafa. Kwa picha za rangi za miaka ya 1970 hilo ni jambo kubwa, kwani kila mwaka unaopita rangi inapungua na hakuna sanduku la kuirudisha. Kwa hiyo anza na za rangi. Nyeusi na nyeupe zinaweza kusubiri.

Mashine ya kulaza picha ikiwekwa kwenye nukta 600 kwa inchi inatosha kazi nyingi za nyumbani. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, unaweza kuikuza mara mbili bila aibu. Hifadhi asili katika faili la TIFF, kubwa lakini lisilopunguza ubora, kama nafasi ipo, au JPEG ya ubora wa juu. Simu nayo inafaa, hasa ukiwa umesafiri kijijini na siku ni moja: kaa karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, simu sambamba na picha, flashi imezimwa. Negativu zina maelezo mengi kuliko picha zilizotolewa humo, basi usizitupe hata ukiwa na picha. Zikianza kunuka siki, plastiki yake inaoza: zitenge na zingine na uziskani mwanzo.

Faili nalo hufa. Diski hugoma, simu huibiwa, na akaunti hufungwa. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na nafasi yake ya bure ni GB 15 kwa kila kitu, barua pepe zikiwemo. Mwenye nywila akifariki, picha za ukoo mzima zinaweza kufungiwa nje. Weka nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nyumba nyingine. Ndugu wawili wajue nywila.

*Habari.* Inaweza kuwa bora au mbaya kuliko zote, kutegemea utaratibu. Skani pande zote mbili. Faili liitwe jina linaloeleweka, kwa mfano 1974-Tanga-harusi-ya-shangazi-03, si mfululizo wa tarakimu za kamera. Na kuna jambo moja ambalo njia nyingine haziwezi: washa kinasa sauti cha simu, mpe mzee albamu, amkia, kisha nyamaza. "Huyu?" "Huyo ni babu yako mdogo, alikuwa fundi reli, hapo ndiyo karudi Tabora." Taja namba ya picha kwa sauti kila mnapogeuza, ili baadaye sauti na faili vikutane. Saa moja ya mazungumzo hayo, kwangu, ina thamani kuliko mashine ghali.

*Kutazama.* Kwa waliotawanyika, hakuna mbadala. Familia nyingi za Zanzibar ziligawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wakaishia Muscat, Dubai na Uingereza, na albamu ikabaki kwa mmoja. Binamu watatu katika miji mitatu wanaweza sasa kutazama ukurasa uleule jioni moja na kusahihishana. Lakini kwenye simu, picha hutazamwa kwa sekunde mbili na kidole kikapita. Zikiwa 800 ndani ya folda moja, hakuna atakayezifungua.

*Siri.* Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Picha ikishaingia grupu la ukoo, ukoo wenyewe hauna mipaka: kuna wakwe, marafiki wa wakwe, na mtu asiyejulikana aliyeongezwa wakati wa michango ya msiba. Mama aliyepigwa picha kichwa wazi mwaka 1968 kwa ajili ya dada zake hakuwahi kukubali kuwa picha ya hali (status) ya mpwa. Kabla ya kurusha, zitenge, na mwulize anayehusika au mtu mzima wa upande wake. Ukirusha, ujue pia kwamba WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Itume kama hati.

*Kazi na gharama.* Fedha si nyingi, muda ni mwingi. Kuskani ni nusu ya kazi. Kutaja majina ya mafaili ni nusu ya pili, na ndiyo inayoachwa.

Inafaa familia iliyotawanyika, picha za rangi zinazofifia, na penye kijana mwenye subira na mzee mwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Njia ya nne: kuchapisha kitabu au nakala za kugawana

*Kudumu.* Nakala 10 katika nyumba 10 ni ulinzi mzuri kuliko kabati lolote. Ubora unatofautiana: picha iliyosafishwa studio kwa karatasi halisi ya picha hukaa miongo mingi, wakati ya printa ya kawaida ya wino hufifia na kuvuja unyevu ukizidi. Uliza kabla ya kulipa. Kitabu hutegemea gundi ya uti wake. Kilichoshonwa hukaa zaidi.

*Habari.* Kila picha hupata maelezo yaliyosomeka, na watoto ambao hawatawahi kusoma mwandiko wa babu wataelewa. Lakini kitabu kinachukua picha 40 au 60 kati ya mamia, na anayechagua anaandika historia. Mke wa kwanza ataingia? Mtoto wa nje? Aliyegombana na kila mtu? Njia hii peke yake kati ya nne inalazimisha maswali hayo yajibiwe hadharani. Kuna familia ambazo zimepatana kwa sababu ya kitabu, na zipo zilizokwama hapohapo. Wachaguzi wawe wawili au watatu, kutoka matumbo tofauti.

*Kutazama.* Kinawekwa mezani, mgeni anakifungua, watoto wanakishika bila kukemewa kwa sababu si cha asili. Siku ya harusi au hitima kinazunguka mkono hadi mkono.

*Siri.* Unaamua mara moja, kabla ya kuchapa, na uamuzi unabaki. Kumbuka tu kwamba mafaili yanapita mikononi mwa mchapaji.

*Kazi na gharama.* Ghali kuliko zote, na haianzi mpaka umeskani. Njia ndogo ipo: chagua picha 5, kila tawi la ukoo lipate nakala zake na karatasi moja ya majina. Inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kitabu kwa fedha za chakula cha mchana cha familia.

Inafaa ukoo mkubwa wenye tukio linalokuja, na pale watu wanapogombea picha zilezile.

Kulingana na hali yako

*Mzee anayejua majina bado yupo.* Acha yote mengine kwanza, hata kama albamu ni ya gundi. Gundi imengoja miaka 40, itangoja mwezi. Nenda na kinasa sauti na penseli. Usipeleke watu wengi. Mzee mbele ya umati husimulia mambo ya umati.

*Picha ni moja tu.* Zipo familia ambazo vita, moto au kukimbia vimewaachia picha moja ya mtu mmoja. Katika Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, Kigali, kuna chumba cha picha zilizotolewa na familia za waliouawa mwaka 1994, na nyingi ni za kawaida kabisa: mtu kwenye sherehe, mtu kwenye kiti. Kwa picha kama hiyo, iskani leo pande zote, chapisha nakala ya kuweka ukutani, na asili ilale gizani ndani ya bahasha. Usimkabidhi yeyote "airekebishe" bila kubaki na nakala ya jinsi ilivyokuwa. Programu za kung'arisha nyuso huchora macho na meno ambayo marehemu hakuwa nayo.

*Mnaishi pwani, albamu ni za gundi.* Njia ya pili na ya tatu kwa pamoja, kabla ya masika. Piga kurasa, bandua, skani, weka kwenye mifuko.

*Mko bara, albamu za vipembe, hali nzuri.* Ziacheni. Pigeni kurasa zote kwa simu kama bima, andikeni majina, mchague mlinzi mbele ya wote.

*Mnagombea albamu.* Msigawane kurasa. Asili ikae kwa mmoja kwa makubaliano, wengine wapate skani kamili, siyo zilizochaguliwa na mwenye asili. Picha aliyoandikiwa mtu nyuma, au aliyopiga na marehemu kama ile ya shangazi, apewe mwenyewe, na nakala ibaki kwenye nafasi yake albamuni.

*Huna muda wala fedha.* Jumapili moja alasiri: picha 20 tu, zile ambazo nyumba ikiungua ungezitaka, simu karibu na dirisha, mbele na nyuma, zitume kama hati kwa ndugu mmoja unayemwamini aishiye mji mwingine.

*Zimelowa.* Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia nyumba nyingi kuanzia Nairobi na Rufiji hadi Bujumbura, na picha zilikuwemo. Usizianike juani na usizitenganishe kwa nguvu. Zikiwa zimegandana, zilaze kwenye beseni la maji safi baridi mpaka ziachiane zenyewe, suuza matope bila kusugua uso, uzilaze uso juu kwenye kitambaa safi kivulini penye upepo. Kuvu huanza ndani ya saa 48 hivi. Zikiwa nyingi kuliko unavyoweza kukausha kwa siku mbili, tenganisha mafungu kwa karatasi ya nta, uyatie kwenye mifuko na uyagandishe kwenye friza; yatakungoja, na unaweza kuyayeyusha fungu moja moja. Ukilazimika kuchagua, kausha kwanza za rangi na zile ambazo hazina negativu.